Walichopenda Kula

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wetu, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alinikabidhi glavu na onyo. "Mgonjwa akifa, faili inafungwa. Hakuna picha, hakuna matanga. Jumatatu unaanza kwa mwingine." Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini, nami nimetoka Machakos juzi?

Basi nyinyi mnaoanza leo kutunza wazee majumbani, sikilizeni. Tulifanya kazi hii Marekani, Riverdale Park, Beltsville, hadi Manassas, kwa basi, iwe theluji au jua. Mgonjwa tulimgeuza kila baada ya saa mbili asifanye vidonda vya kulalia. Chai yake tuliitia unga wa kuifanya nzito, maana koo la mzee likilegea, maji mepesi humpalia. Na tulijua mdomo wa kila mmoja. Mzee wa Beltsville hakumeza dawa bila kijiko cha jemu. Yule mwalimu mstaafu, embe lililopondwa, basi, kingine atakutemea. Wagonjwa tisa walifia mikononi mwangu, na mafaili tisa yakafungwa.

Wa kumi alikuwa Bi Socorro, Mmexico, mkali kama pilipili, na nilimpenda hivyo hivyo. Mwaka wake wa mwisho alitaka kwenda kwao, mji wa Oaxaca, kwa Siku ya Wafu. Nikaenda naye, nikisukuma kiti chake cha magurudumu. Wee! Maua ya rangi ya chungwa kila mlango, bendi barabarani, watu wanakula na kucheka makaburini. Nilikemea kwa jina la Yesu, kimoyomoyo.

Nyumbani kwa dada yake kulikuwa na meza ya picha za marehemu, na mbele ya kila picha, chakula alichokipenda.

"Na wako, Ndinda, wako wapi?" akaniuliza Bi Socorro.

"Sisi watu wa kanisa, Bibi, hatulishi wafu. Na picha sina."

"Nani amekwambia wanakula? Sisi ndio tunaokumbuka. Weka chakula."

Nikaenda sokoni. Vya wote tisa niliviweka bila kusita. Kisha nikafika kwa mama yangu mzazi, mikono ikakwama. Mama alifariki Machakos wakati mimi niko Manassas namlisha mama wa watu wengine. Sikumzika. Na sikujua hata alitaka kula nini siku zake za mwisho. Nililia, haki, mbele ya watu.

"Nani alimlisha?" Bi Socorro akauliza. "Mpigie simu."

Alikuwa Mwikali, binti wa jirani aliyemtunza. Nilipompigia na kumuuliza, hakufikiri hata kidogo.

"Mkate, auntie. Mkate wa kuchovya kwenye kahawa. Alisema ndicho unachokula wewe ukingoja basi huko, kwa hivyo mnakula pamoja."

Mkate ulikuwa tele pale mezani. Kahawa nikaipika mwenyewe.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Yule msimamizi alikuwa mtu mzuri, alinifunza kazi, lakini hakunifunza yote. Faili ifungeni, ni sheria. Ila alichopenda mzee msikisahau, maana siku moja mtoto wake atapiga simu.