Kundi la Mume Wangu

Mume wangu alivunjika mgongo asubuhi ya chanjo. Walikuwa wakipitisha ng'ombe kwenye ujia mwembamba wa mbao, pale mnyama anapobanwa ili bwana mifugo amdunge sindano. Fahali mmoja mwekundu akaruka, mbao zikaachia, akamwangukia. Mimi nilikuwa nyumbani nachambua mboga. Nikasikia wanaume wanaita jina lake, nikajua kumeharibika. Kwenye ranchi watu huita majina ya ng'ombe kutwa nzima, lakini jina la mtu haliitwi kwa sauti ile.

Alilazwa hospitali muda mrefu. Aliporudi, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari ya mwili wake. Na nyumba tuliyokuwa tukikaa, huko porini mbele ya Itigi, ilikuwa ya ranchi, ya mtu anayechunga. Meneja alikuja akakalia ndoo niliyompindulia, akawa anaizungusha kofia yake mikononi.

"Kaka, unajua mwenyewe," alimwambia mume wangu. "Kundi haliwezi kukaa bila mtu."

Mume wangu akanionyesha kwa kidevu. "Mtu si huyu hapa?"

Meneja akanigeukia. "Mama, utaweza?"

Nilimwambia kwetu Issuna nilikulia nyuma ya ng'ombe wa baba. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo fimbo ya kuchungia aliishika binti. Meneja akavaa kofia yake, akasema tujaribu.

Hivyo nikalirithi kundi la mume wangu naye yuko hai. Alfajiri nakamua, kisha nafungua zizi na kusimama pembeni ya lango nikiwaangalia wanavyotoka mmoja mmoja: anayechechemea, mwenye jicho linalotoa machozi, aliyepoteza hereni yake ya namba. Mchana ni jua na miiba na kuwafukuza wasiingie kwenye mashamba ya watu. Siku ya josho nawaogesha dawa ya kupe, narudi nanuka dawa hiyo hadi kwenye nywele. Wanaume wa makundi mengine walinicheka mwanzoni, baadaye wakazoea. Tulikutana bwawani, tukagawana ugali na maziwa ya mgando, wakawa wananiita shemeji.

Tatizo lilikuwa mluzi. Ng'ombe wale walizoea mluzi wa mume wangu, mrefu, unaopanda kisha unakatika ghafla. Bila huo, jioni walikuwa wakinitazama tu huku wanatafuna. Nami sikuwa nimepiga mluzi tangu nizaliwe, maana mama alitukataza, alisema mwanamke anayepiga mluzi anaita nyoka nyumbani.

"Njoo nikufundishe," mume wangu akasema.

Nikakaa kando ya kitanda chake. Nikapuliza, ikatoka hewa na mate. Akacheka, nami nikacheka, akanishika midomo kwa vidole viwili akiipanga. "Si kama unapoza uji, mama watoto! Bana ulimi." Tulirudia siku nyingi. Siku ulipotoka vizuri, ng'ombe waliokuwa karibu na nyumba waliinua vichwa wote. Yeye alikuwa akitazama dirishani. Hakucheka tena.

Kila jioni, kabla sijavua viatu, aliuliza, "Wameshindaje?" Nami namweleza kila kitu. Fulani kapandwa. Fulani hali vizuri. Mtamba mweusi wa tumbo jeupe, ambaye yeye mwenyewe alimlea kwa chupa baada ya mama yake kuliwa na fisi, sasa ana mimba kubwa. Alinielekeza nimpapase wapi, nimlishe wapi. Wakati ule nilidhani tunaweza kuishi hivyo tukazeeka.

Lakini vidonda vya kulala vilianza mgongoni. Nilimgeuza asubuhi na jioni, nikamwosha kwa maji ya chumvi, na mchana kutwa sikuwapo. Mchana alikuwa peke yake na nzi. Binti yetu alikuwa Issuna kwa bibi yake, anasoma.

Yule mtamba alizaa mwanzoni mwa mvua. Nilirudi karibu nikimbia, matope hadi magotini. "Kazaa! Jike, mweusi kama mama yake, amesimama mwenyewe."

Mume wangu aligeuzia uso ukutani.

"Baba watoto, umesikia?"

"Nimesikia," akasema. Halafu, taratibu, bila hasira, "Usiniletee tena habari za ng'ombe. Ukiniletea unaniacha nimesimama kule, halafu naamka niko hapa."

Nikavua viatu, nikawasha moto. Tangu siku hiyo jioni zetu zilikuwa ni sauti ya mwiko kwenye sufuria. Niliongea habari za binti, za bei ya unga, za mvua. Aliitikia kwa adabu, kama mgeni.

Alifariki kabla mvua hazijakatika. Ranchi ilitoa lori lile la kupelekea ng'ombe mnadani, limpeleke kwao kuzikwa. Walikuwa wamelisugua kwa sabuni, lakini harufu haikutoka, na mimi nilishukuru haikutoka. Nilikaa nyuma, nimeegemea jeneza, tukapita Manyoni, tukapita Ikungi siku ya soko, watu wakivua kofia.

Baada ya kuanua matanga, shemeji yangu mkubwa alinikalisha. "Shemeji, porini ulimfuata mumeo. Sasa unamfuata nani?"

Nilimwambia, nawafuata ng'ombe. Alidhani nimechanganyikiwa na majonzi.

Nilirudi hata hivyo. Kwenye nyumba ile nikamkuta mwanamke kijana mjamzito akianika nguo. Mumewe alishapewa kundi. Meneja alishindwa kuniangalia, akasema alidhani sitarudi, ndivyo wajane wanavyofanya.

Yule mwanamke alinisalimu shikamoo, akanimiminia uji, akanionyesha vyombo vyangu alivyovipanga vizuri kwenye kiroba. Aliogopa, niliona. Nilikunywa uji nikaumaliza. Nikamwonyesha pembe ya chumba inayovuja mvua ikija na upepo, nikamwambia asiweke kitanda cha mtoto pale.

"Asante, mama," akasema.

Nikajitwisha kiroba, nikaelekea barabarani kungoja gari. Sikupitia zizini.