Divai ya Harusi Yangu

Mume wangu alikuwa karani katika bandari ya Mtwara, na mimi nilifundisha shule ya msingi. Tulitoka Bukoba tukiwa tumeoana kienyeji tu: mahari ilitolewa, wazee wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikapelekwa kwake. Ndoa ya kanisani tuliisogeza mbele, mara kwa sababu ya uhamisho, mara kwa sababu ya mtoto, mara kwa sababu ambazo leo sizikumbuki. Kila Jumapili wenzangu walipokwenda altareni kukomunika, mimi nisiye na ndoa ya kanisani nilibaki kwenye benchi nimempakata binti yangu.

Wakati huo Mhispania mmoja, fundi wa mitambo wa meli iliyokuja kupakia mkonge, aliteremshwa akiwa na malaria kali. Meli ikaendelea na safari. Alipotoka hospitali hakuwa na pa kukaa, mume wangu akamleta nyumbani asubiri hapo mpaka meli irudi. Nilimpikia uji, nikamfulia mashuka yaliyolowa jasho. Jirani yetu Mmakonde, aliyevuka Ruvuma akiwakimbia Wareno, ndiye aliyekuwa mkalimani. Kireno chake na Kihispania cha mgeni vilisikizana kama watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali.

Siku ya kuondoka, mgeni alitupatia pipa dogo la mti wa mwaloni lililokuwa katika mizigo yake. Ilikuwa divai nyeupe ya kijijini kwao, kazi ya mikono ya baba yake. Alitumiminia kidogo kwenye vikombe vya chai. Nyeupe yenyewe ilikuwa na rangi ya asali. Mimi nilidhani kila divai ni tamu, kumbe hii ilikausha ulimi, na ukishaimeza inabaki harufu ya korosho za kuchoma na ya mbao za zamani.

"Anasema vinyu hii imelala ndani ya mti tangu ninyi hamjaonana," jirani alitafsiri, akiiita divai kwa Kireno chake. "Msiinywe kwa kiu. Mngoje jambo."

"Jambo tunalo," mume wangu alisema, akanitazama. "Tutaifungua siku ya harusi yetu kanisani."

Nililiweka pipa stoo, juu ya mawe, nikalifunika kwa magunia. Joto la Mtwara halina huruma, kwa hiyo kila nikitoka shule niliyamwagia magunia maji. Nikisafiri, kazi hiyo aliifanya rafiki yangu, mke wa karani mwenzake mume wangu. Huyo ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo. Hapakuwa na siri yangu asiyoijua.

Baadaye mume wangu alihamishiwa Dar es Salaam. Alitangulia kutafuta nyumba, akarudi likizo moja, na alipoondoka akalichukua pipa.

"Joto la huku litaiharibu," alisema. "Na padri wa kule nimeshaongea naye. Tutafungia ndoa Dar."

Nilikwenda Mikindani kununua kitambaa cheupe, nikaanza kushona gauni mwenyewe.

Nilikuwa bado sijatia mikono ya gauni hilo rafiki yangu aliporudi kutoka Dar, alikosema amekwenda kumwuguza dada yake. Alinikuta uani namenya mihogo. Akanipa habari za mji, za nguo, za harusi moja aliyohudhuria.

"Chakula kilikuwa kizuri, lakini ile divai, shoga! Haina sukari hata chembe. Watu walikunja nyuso, wengine wakachanganya na soda."

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka.

"Ilikuwa nyeupe?"

"Nyeupe, ya manjano hivi."

"Ilitoka kwenye chupa?"

Alichukua muhogo, akaanza kuumenya bila kisu, kwa kucha.

"Harusi ya nani?"

"Usiniulize mimi. Muulize mwenzio."

Sikuondoka pale, na yeye sikumruhusu aondoke, mpaka aliposema yote. Mume wangu alikuwa ameoa mpiga taipu wa ofisini kwao. Padri alitaka mtu anayemfahamu bwana harusi tangu Mtwara, athibitishe kwamba hana kizuizi. Aliyethibitisha ni rafiki yangu.

"Ulisema hana mke?"

"Niliulizwa kama alishafunga ndoa kanisani. Wewe hukufunga. Sikusema uongo."

"Na yule mtoto uliyemshika kwenye ubatizo, ulimweka wapi?"

Akaangua kilio. Machozi yake yaliniudhi kuliko maneno yake.

Shule zilipofungwa nilikwenda Dar kwa meli. Mume wangu alikuja kunisikiliza kwenye lango la ofisi, amesimama, akigeuka kila mtu alipopita. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Lililotoka ni moja.

"Mpaka divai?"

"Walikuja wageni wakubwa," alisema. "Nisingewapa pombe ya kienyeji. Na wewe usilie kwa ajili ya divai, nitakununulia nyingine."

Nadhani alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hilo ndilo lililonikata. Mtu huyu alikuwa amekaa meza moja nami, ameahidi mbele ya mgeni na jirani, na kumbe wakati mimi nalilowesha pipa kwa miaka yeye aliona kinywaji tu.

Niliporudi Mtwara padri wetu alinipa pole, halafu akaniambia kwamba kwa kuwa siishi tena na mwanamume, baada ya kuungama naweza kukomunika. Nilikwenda mara moja tu. Nilirudi kwenye benchi nikiwa na hasira hata kwa Mungu, na sikuificha.

Niliomba kuhamishwa, nikapelekwa kufundisha kijijini Mahurunga, karibu na Ruvuma, ambako binti yangu alikijua Kimakonde kuliko Kihaya. Mwaka mmoja rafiki yangu alitufuata huko na gauni la zawadi. Binti yangu alilipokea, akamshukuru mama yake wa ubatizo, na mimi sikumkataza. Nilimpa mgeni kiti na maji ya kunywa, tukazungumza habari za mvua na mikorosho. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumsaidia kuuomba.