Waipa za Elisha Zilizoleta Mvua

Jirani yetu Elisha, dereva wa pikapu hapa Kibakwe, hukagua waipa zake kila Novemba, kwa sababu jua la kiangazi hukausha raba hadi zipasuke. Safari hii alimwagia kioo maji, akaziwasha, zikakwaruza na kuacha michirizi. Kabla hajashuka garini, mvua ikaanza kunyesha.

Kesho yake alipotaka kufunga mpya, wakulima walilizunguka gari.

“Usiziguse, mjukuu wangu!” alifoka Bibi Penina. “Mtama haujaota.”

“Lakini sioni barabara, bibi!”

“Sisi tunaiona.”

Na kweli, tangu siku hiyo wanatembea mbele ya pikapu, wameloa chapachapa, wakimwonyesha Elisha mashimo kwa majembe.