Mgeni wa Elfu Kumi wa Bwana Urabe

Jirani yangu, Bwana Urabe Kinsaku, alipeleka barua katika mji wetu wa Kurayoshi kwa miaka thelathini na minane. Siku alipostaafu walimpa maua na saa ya ukutani. Saa akaitundika chooni. Kisha akakaa mwaka mzima hana la kufanya, akawa anakuja dukani kwangu kila asubuhi kunieleza kwamba biskuti zangu za mchele zimezidi chumvi. Nauza biskuti hizo tangu nilipoolewa, na chumvi ni ileile.

Kilichoniokoa ni kompyuta. Urabe alijifunza, sijui kwa nani, akatengeneza tovuti ya picha za masanduku ya posta ya zamani, yale mekundu ya mviringo. Pembeni akaweka kihesabu cha wageni na ubao wa kuandikia salamu. Na watu wakaja! Kumbe nchi hii ina watu wengi wenye nafasi. Desturi ya wenye tovuti ni kwamba mgeni akiangukia namba kubwa kamili, kama elfu moja au elfu kumi, hujitangaza ubaoni, na mwenye tovuti humpa zawadi. Kwa ajili ya mgeni wa elfu kumi, Urabe alichonga sanduku la posta la mti, la kukaa kiganjani, akalipaka rangi mara tano. Akaahidi ubaoni kwamba atalipeleka mwenyewe, kwa mkono, popote mgeni alipo.

"Hata Wakkanai," aliniambia. Wakkanai ni kule kaskazini kabisa mwa nchi, ukizidi hapo unaogelea. "Nitapanda treni, nitabisha hodi, nitasema: kifurushi chako."

Nilimtazama macho yake aliposema hivyo, nikaelewa. Alitaka kubisha hodi kwenye mlango mmoja zaidi kabla hajafa. Hakutaka kingine.

Sasa, Februari ya mwaka 2002, kampuni iliyohifadhi tovuti yake ikafunga biashara, naye akahamishia kila kitu kwenye seva ya kampuni nyingine. Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba simu yake ilikuwa bize tangu asubuhi, na theluji ya paa lake ilikuwa imeifukia baiskeli yangu. Nikaenda kumgombeza.

"We mzee, simu yako ina nini?"

"Usiguse kitu!" Alikuwa amekaa kwenye meza ya joto, blanketi hadi kiunoni, nywele zimesimama. "Kaa, kula chungwa, ila usiguse kitu."

Kushoto kwenye skrini kihesabu kilisoma 9,993. Kulia, penye ubao, palikuwa na namba 500 na Kiingereza cha hasira.

"Ubao haufunguki," akasema. "Nimehamisha kila kitu, hakikubaki hata kijiko."

"Si ujaribu tena?"

"Nikijaribu tena kihesabu kinapanda! Asubuhi kilikuwa 9,971. Hao ishirini na wawili waliozidi wote ni mimi!"

Nilicheka hadi chungwa likanipalia.

"Cheka tu. Nikifika elfu kumi mimi mwenyewe, nitajibishia hodi na kujikabidhi zawadi, nchi nzima inicheke. Na akifika mgeni huku ubao umekufa, atajitangazia wapi? Nitampata kwa anwani gani?"

Hapo sikucheka tena. (Baadaye niliambiwa kuna njia ya kuufikia ubao bila kupita kwenye kihesabu. Siku ile hatukuijua, na mwenye kutucheka atucheke.)

"Tatizo ni ruhusa," akasema. Ubao ule unaendeshwa na skripti, faili lenye maagizo, na kila faili kwenye seva lina tarakimu tatu za ruhusa: ya kwanza ya mwenyewe, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya mtu yeyote. Saba ni kila kitu: kusoma, kuandika, kuendesha. Tano ni kusoma na kuendesha tu, bila kuandika.

"Uliweka ngapi?"

"Saba, saba, saba. Mgeni ni mgeni, simfichi kitu. Ikakataa. Nikaona labda ni utovu wa adabu kujilinganisha na wageni. Nikajishusha: mimi tano, wao saba saba."

"Ikakataa."

"Ikakataa. Nikajaribu nane tatu, maana nane ina heri. Kumbe kwenye ruhusa hesabu inaishia saba."

Chini ya bakuli la machungwa niliona karatasi ya kampuni mpya, imekunjwa vilevile ilivyotoka kwenye bahasha. "Hii umeisoma?"

"Bi Hisano, sisi wa posta tunasoma anwani tu. Ya ndani hayatuhusu."

"Lakini imeandikwa kwako, mzee!"

Nikaifungua, nikasoma kwa sauti: skripti iwekwe 755; ikiwa mtu mwingine yeyote ana ruhusa ya kuiandika, seva haitaiendesha.

"Saba yangu, tano za wageni?" Alishtuka kana kwamba nimemwambia awape wageni chai iliyolala. "Nijipakulie mimi nyingi, wao kidogo? Wataniona mtu gani?"

Akajaribu 775, nusu ya adabu. Ikakataa: 9,994. Akageuza, 757: 9,995. Kisha akaweka 755 barabara kabisa, ila kwenye picha ya sanduku badala ya skripti: 9,996. Aliporudia, kihesabu kikaruka hadi 9,998.

"Mgeni amepita!" akapiga ukelele. "Amepita, amekuta ubao umefungwa!"

"Nisikilize vizuri. Wateja wangu wanaziona biskuti, wanazionja, wanazila. Yupi anaingia jikoni kwangu kutia chumvi?"

"Ingefaa mmoja aingie kuipunguza."

"Weka saba tano tano kabla sijakurushia chungwa!"

Akaweka. 9,999. Na kulia ubao ukafunguka, salamu zote za miaka miwili zimo. Akalia. Mimi nami nilitoa machozi kidogo, nikasingizia moshi wa jiko la mafuta.

"Haya, tuangalie kama wa elfu kumi amekuja," nikasema.

"Usiguse!" Akauchomoa ukutani waya wa simu, ule ulioleta intaneti. "Atakayeangalia sasa ndiye atakuwa elfu kumi!"

Siku tatu hakuufungua. Akawa anakuja dukani mara tano kwa siku. "Unadhani amekuja?" "Fungua uone." "Na kama hajaja?" Chumvi aliisahau kabisa. Siku ya nne nikashindwa. Nikaenda maktaba ya mji, kwenye kompyuta ya watu wote, nichungulie tu, nimletee habari.

Kihesabu kilisoma 10,000: tangu tovuti ihame wengi hawakuijua anwani mpya, na siku zote hizo hakuja mtu.

Kuangukia namba na kukimbia bila kujitangaza ni aibu kubwa kwa watu wa tovuti, na naapa nilifikiria kukimbia. Niliwaza safari yake ya treni niliyoiua kwa kidole kimoja, nikajichukia. Kisha nikaandika ubaoni: *Elfu kumi ni mimi, Hisano wa duka la biskuti. Nisamehe. Mpe mwingine.* Wakati wa kurudi nikagonga dirisha lake, nikasema, "Fungua, amekuja," nikajifungia kwangu.

Asubuhi nilimwona akitoka. Kofia yake ya kazi kichwani, begi la ngozi begani. Mlango wangu uko kulia kwake. Akapinda kushoto, akaenda zake kwenye theluji bila kugeuka. Amekasirika, nikasema, na ana haki.

Mama anayeuza tofu, ile jibini ya soya, akaja kunihadithia kwamba amemwona Urabe akikatiza hekaluni. Kinyozi akamwona darajani. Mwingine akamwona kule juu kwenye nyumba za walimu, kisha kiwanda cha mchuzi wa soya, kisha kituoni. Alikuwa anazunguka njia yake yote ya zamani, mlango kwa mlango, bila kubisha hata mmoja.

Saa saba kasorobo mchana alifika kwangu, viatu vimelowa chapachapa. Akabisha hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Bi Hisano wa duka la biskuti?"

"Si unanijua!"

"Tafadhali. Bi Hisano?"

"Ndiye mimi," nikasema.

"Kifurushi chako."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Akainama, akarekebisha kofia, akarudi kwake. Hatua nane.