Jumapili Tuliyokwenda Ruashi Bila Godoro

Safari hizi nilizipanga kwa ajili ya binti yangu Ngoie, mwenye miaka minne. Tangu risasi zilie mjini Desemba iliyopita, alikataa kuvuka mlango wa uzio wetu hapa Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi. Alikuwa ameona majirani zetu, watu wa jimbo la Kasai, wakitoka na mizigo kichwani, na hakuna aliyerudi. Kwake barabara ilikuwa njia ya kupotelea. Shule zilipofungwa kwa likizo kubwa, nikaandika nyuma ya kalenda matembezi ya Jumapili tano: kwanza Ruashi kwa wifi yangu, kisha mto Kafubu, na mwisho kabisa Lukafu kwa bibi wa watoto. Mume wangu, fundi wa reli, alisoma akacheka. Akaniuliza kama vita nimevimaliza mimi peke yangu.

Jumapili ya kwanza, saa mbili asubuhi, tuliondoka huku baridi ya kiangazi ikiuma masikio. Hapo nilikosea, nakiri. Kwetu huendi kulala kwa wifi mikono mitupu, kwa hiyo baiskeli ilibeba unga wa mahindi, kuku wawili, sufuria, mablanketi, na juu ya yote godoro la watoto. Mwadi, binti wetu mkubwa, alishika kamba lisianguke. Ngoie alikuwa mgongoni kwangu, amefumba macho.

Penye kizuizi cha mapipa, askari mmoja mrefu akatuzunguka polepole.

"Munakimbia wapi?"

"Hatukimbie, chef," mume wangu akajibu. "Tunaenda tu kutembea Ruashi, kwa dada yangu."

"Bantu banaendaka kutembea na matela?"

Akaligonga godoro lile kwa kiganja. Akaturudisha. Ngoie alilia njia nzima, nami nililia pia, ila kwa hasira. Tulipofika nyumbani tukamkuta jirani yetu Mama Véro amekwisha kuwahamishia kwake kuku wetu waliobaki.

"Nilizania munaenda kabisa," alisema bila haya yoyote, akaanza kuwarudisha mmoja mmoja.

Juma zima mume wangu alitaka niichane ile kalenda. Nilikataa. Likizo ikiisha mtoto akiwa bado nyuma ya uzio, hofu ile ingemkaa mwilini, na mwezi wa tisa nani angempeleka shule ya watoto wadogo?

Jumapili ya pili, saa ileile, tuliondoka na karanga za kukaanga kwenye kitambaa, basi. Niliona aibu kama mtu aliyesahau kuvaa viatu. Njiani nilimweleza Ngoie kila kitu kabla hakijafika: sasa tunapita duka la mkate, mbele kuna askari, atauliza, tutajibu.

Alikuwa yuleyule mrefu. Akaitazama baiskeli tupu.

"Na leo?"

Kabla hatujafungua midomo, sauti ikatoka mgongoni kwangu. "Tunaenda kwa tantine, Ruashi. Tutakula, tutarudia ku nyumba."

"Leo leo?"

"Leo leo."

Askari akasogeza pipa.

Ruashi tulifika kabla ya saa sita. Wifi yangu alikuwa amesonga bukari, ugali wetu, na kupika sombe ya majani ya muhogo kwa samaki wakavu. Nilijikaza kumwambia kwamba hatukuleta kitu. Akanishika mabega.

"Muliniletea batoto. Nilizania sitabaona tena, we."

Tukakumbatiana pale mlangoni, chakula kikapoa. Mchana Ngoie alikaa kwanza kwenye kizingiti akiwatazama binamu zake wakiteleza kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba. Baadaye nilipomtafuta, sikumtambua upesi kwa vumbi jekundu. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Saa kumi na moja tulikaribia tena kizuizi. Ngoie akanigonga bega, akataka kushuka. Nikamteremsha. Akaniacha mkono, akaenda mpaka kwa askari, akasimama mbele ya buti zake.

"Tulisharudia," akamwambia.

Askari akamwinamia. "Mulirudia kweli," akasema, kisha akaulizia Jumapili ijayo. "Na dimanche ingine?"

"Kafubu. Na pale tutarudia."

Nilikuwa nimejichosha kutafuta mahali pazuri pa kumpeleka, kumbe alichohitaji mwanangu ni kuona watu wakitoka na kurudi. Kutoka pale hadi nyumbani alikataa kubebwa.