Shaba ya Atabo

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. La, ngoja nisidanganye. Ilikuwa kumi na tatu, maana kura ilikuwa imeshapigwa, na magari ya watu wa mafuta yalikuwa yameshazoeleka kule Lokichar. Mwaka huo Ruben, Mkongo wa kambi ya Kakuma aliyechonga magitaa kwa mbao za masanduku, aliagizwa gitaa na kwaya ya Wasudani, lipigwe Krismasi.

Kiongozi wa kwaya, mama mrefu aitwaye Akuch, alishika gitaa moja la zamani la Ruben. Akapitisha vidole juu ya freti, vile vijichuma vinavyolala kwa upana shingoni mwa gitaa, kisha akamwonyesha kidole chenye damu.

"Fundi, hii ni ya kuimbia ama ya kuparia samaki?"

Watu wakacheka. Ruben akacheka nao, lakini neno lile hakulisahau. Akisema Akuch kwamba Ruben hajui kazi, basi kambi nzima imesema.

Kosa alilijua: freti hizo zilikuwa za spoki. Waya wa ua ni wa bure, ila huliwa na kutu. Spoki ya baiskeli ni ngumu, hailiki upesi, lakini ni nyembamba, inakata vidole na kutafuna nyuzi, na nyuzi zenyewe huchambuliwa kutoka kebo za breki. Shaba ndiyo hasa. Inadumu, haiumi, kidole kinateleza juu yake kama kimepakwa mafuta. Tatizo la shaba ni bei, na kambini haikuwapo.

Aliipata Lodwar, siku alipopewa ruhusa ya kwenda kutibiwa jicho. Mwanamume mmoja mwenye unyoya kwenye kofia alimuuzia alagama, pete nene ya shaba ambayo mwanamke wa Kiturkana huvaa shingoni akiwa ameolewa. Ruben hakuuliza imetoka shingo gani. Kwao Fizi hakukuwa na pambo hilo. Yeye aliona chuma kizuri, akashukuru Mungu.

Akainyoosha kwa moto, akaipiga nyundo, akaikata vipande, akavipachika na kuvipiga tupa mpaka vikang'aa.

Gitaa lilikuwa magotini mwake Atabo alipofika na gunia la makaa kichwani. Atabo alikuwa mjane wa Kiturkana, akimletea makaa tangu mvua za mwanzo.

"Ejok, fundi. Leo unacheka na mti?"

"Ejok, mama. Shika hapa. Iko inauma?"

Atabo akagusa. "Haiumi."

"Ni shaba ya Lodwar. Ilinisumbua, wee. Ilikuwa na alama tatu kama meno ya mbuzi. Nilisugua mpaka mkono ikakufa."

Atabo akaketi chini, gunia likamponyoka. Zile alama tatu mumewe ndiye aliyezichonga alipomwoa. Alipokufa, ndugu yake, Ekwam, alitaka kumrithi mjane. Atabo akakataa. Ekwam akamvua alagama kwa nguvu, akamfukuza, akabaki na watoto. Sasa wazee walikuwa wameitwa kuamua watoto wakae na nani, na Ekwam alikuwa akisema huyu hakuolewa kamwe, alikuwa mtu wa kuokotwa tu.

"Kesho wanakaa," Atabo akasema. "Utakuja nayo."

Wazee walikaa kwenye mchanga wa mto mkavu, kila mmoja juu ya kigoda chake. Ruben alipomwona Ekwam, aliona kwanza ule unyoya.

"Ni huyu aliniuzia," akasema.

"Mimi?" Ekwam akacheka. "Mkimbizi ananijua kuliko mama yangu."

Mzee mmoja akalipokea gitaa, akaligeuza. "Alama ziko wapi?"

"Nilitoa, mzee."

"Kwa nini?"

"Isiumize vidole."

Kicheko kikapita kati ya wazee. Ekwam akainama mbele. "Basi tupigie, Mkongo. Tusikie kama iliolewa."

Ruben akamtazama Atabo. Atabo alikuwa anatazama mchanga. Mzee akaashiria kwa fimbo, naye Ruben akaogopa kwamba akikataa atamharibia mama wa watu zaidi. Akapiga. Halikuwahi kutoka mikononi mwake gitaa tamu kama lile. Mguu wa mzee mmoja ukaanza kutikisika, na binti mdogo wa Atabo, aliyesimama karibu na Ekwam, akapiga makofi.

Wazee wakasema shaba ni shaba, iko shingo nyingi. Watoto wakabaki kwa Ekwam.

Ruben alimfuata Atabo, akamnyooshea gitaa kwa mikono miwili. Atabo alilitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyekwisha kuchunwa. Akajifunga shuka mpaka kidevuni, akashika njia ya Namoruputh. Makaa yake hayakuonekana tena kambini.

Krismasi Akuch alipitisha vidole juu ya freti, akatabasamu. "Sasa hii ndiyo gitaa, fundi." Na kweli, freti zile hazikulika. Mwaka wa pili zilikuwa bado kama mpya.

Ruben hakulipiga gitaa lile tena. Ila kila alipoliona alimkamata mtu, mchungaji, muuza makaa, hata Akuch mwenyewe akikaza nyuzi, na kumuuliza swali moja tu:

"Hii gitaa ni ya nani?"