Kijiko cha Baba

Kinyozi huyu hajawahi kukosa neno. Anaweza kukuharibia kichwa, kisha akakushawishi kwamba ndio mtindo. Lakini asubuhi hiyo, kwenye benchi la kliniki, alikuwa amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Mfukoni alikuwa na chupa ya dawa, tupu, ilhali siku za dozi zilikuwa bado hazijaisha.

Binti yake, Kiherehere, alikuwa anatoka usaha sikioni. Kliniki ilikuwa inapima antibayotiki mpya ya kunywa, ione kama inaponya watoto sawasawa na sindano. Baba alikubali haraka, maana binti akiona sindano, mtaa mzima hupata habari.

Kumbe hata kijiko kina vita vyake. Mtoto alibana mdomo kama kufuli. "Baba kwanza!" Baba akanywa, akajilamba, akasema tamu, ingawa ilikuwa chungu. Ndipo mtoto naye akanywa. Wakaenda hivyo, kijiko chake, kijiko cha baba, mpaka jana mchana chupa ikakauka.

"Umemnywea mtoto dawa!" mkewe aling'aka usiku huo nyumbani. "Sikio likirudia, utaificha wapi sura yako?"

Sasa, pale kliniki, nesi aliigeuza chupa juu chini. "Baba, ilimwagika?"

Kinyozi alikuwa ameshaandaa uongo wake, kwamba paka ndiye aliyeimwaga. Kiherehere, pembeni yake, akamtazama, paka akakwama kooni.

"Nimekunywa mimi, sista. Alikuwa hanywi mpaka nianze."

"Kwani na wewe sikio linakuuma?"

"Tumbo tu. Nimeharisha mpaka wateja wamezoea kuuona mgongo wangu."

Nesi alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha akakunja uso. "Hii si soda. Ukiinywa ilhali huumwi, unawapa vijidudu mazoezi bure ya kuizoea. Siku nyingine akigoma, njoo utuambie." Akaandika yote, akamwita daktari.

Daktari alichungulia sikio. Akachungulia tena. Kinyozi aliona kama mwaka unapita.

"Pakavu," daktari alisema. "Homa nayo imekwisha. Amekosa dozi ya jana usiku na ya leo asubuhi tu. Mpeni chupa nyingine, amalizie."

Kinyozi alishusha pumzi mpaka benchi likalia.

Nesi akafungua chupa mpya. Kufuli likarudi. "Baba kwanza!"

Nesi akachota maji ya kunywa kwa kijiko kingine, akamkabidhi baba mtu. Akanywa, akajilamba.

"Tamu!" alisema, na safari hii hakuwa anadanganya.